Kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua kampasi hadi matokeo ya mwaka wa kwanza

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali linalozunguka kwenye magrupu ni moja: "Kwa hizi pointi, Mlimani naingia?" Watu wanauliza kana kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kile kilima chenye Ukumbi wa Nkrumah uliochorwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500, basi. Mlimani ni kampasi mojawapo tu. Jina hilohilo la chuo lina wanafunzi Chang'ombe, Kijitonyama, Mikocheni, Kunduchi, Iringa, Mbeya na Zanzibar, na maisha ya huku hayafanani na ya kule. Anayejaza fomu akiangalia jina la chuo peke yake ndiye anayeshangaa Oktoba akijikuta anatafuta sweta Iringa.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa mambo yanavyokuja: kampasi, vigezo, maombi, mkopo, kuripoti, malazi, masomo. Tarehe na ada hubadilika kila mwaka, kwa hiyo hizo zisome kwenye tangazo la mwaka wako. Ninachoeleza hapa ni jinsi mambo yanavyokwenda.

Hatua ya 1: Ijue kampasi kabla ya programu

Chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, na 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Tangu hapo kimekuwa kikizaa vyuo: Sokoine kilijitenga 1984, Muhimbili na Ardhi vikawa vyuo vikuu kamili 2007. Historia hii ina kazi kwako leo, maana bado kuna watu wanaoomba UDSM wakidhani wataletwa Muhimbili au Ardhi. Ardhi ipo jirani kabisa na Mlimani, lakini maombi yake ni ya peke yake, ada yake ni ya peke yake, na ukichaguliwa Mlimani huna chumba Ardhi.

Kampasi zilizobaki chini ya UDSM ni hizi, kwa yale yanayomhusu muombaji.

Mlimani ndiyo kubwa: uhandisi, sheria, biashara, sayansi, sayansi za jamii, insia na lugha, elimu, kilimo, madini na jiolojia. Hapa pia ndipo ilipo TATAKI, taasisi ya Kiswahili iliyoundwa 2009 kwa kuunganisha TUKI ya zamani na idara ya Kiswahili. Ukisoma kompyuta au elektroniki utaona jina la Mlimani kwenye barua, lakini vipindi vyako vingi vitakuwa Kijitonyama, ilipo ndaki ya TEHAMA. Hilo lizingatie unapotafuta chumba. Waandishi wa habari wako Mikocheni, na mambo ya samaki na viumbe wa majini yana kituo chao Kunduchi. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Zanzibar, na hiyo inawahusu zaidi wa shahada za juu.

Chang'ombe kuna DUCE, na Iringa kuna MUCE. Vyote viwili vilianza kama vyuo vikuu vishiriki mwaka 2005, na vyote viwili kazi yao kubwa ni kuandaa walimu. Cheti utakachopewa ni cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sawasawa na cha aliyesoma Mlimani. Nasisitiza hili kwa sababu kuna vijana wanaoacha nafasi ya ualimu wa sayansi MUCE wakisubiri dirisha la pili "wapate Mlimani", wanakosa vyote. Kwa maoni yangu, kwa mwalimu mtarajiwa asiye na ndugu Dar wa kumpokea, Iringa ni chaguo la akili: mji mdogo, chakula na pango nafuu, chuo kiko eneo la Mkwawa ambapo hupotezi saa mbili barabarani. Baridi ya Juni na Julai ipo, nunua blanketi zito. DUCE nayo imekaa jirani na Uwanja wa Mkapa. Siku ya mechi ya Simba na Yanga, panga safari zako mapema au usitoke kabisa.

Anayetaka udaktari chini ya UDSM aelekee Mbeya, kwenye chuo cha sayansi za afya, ambako mafunzo ya vitendo hufanyika Hospitali ya Rufaa ya Kanda.

Hatua ya 2: Pima ufaulu wako kwa vigezo viwili, si kimoja

Kigezo cha kwanza ni cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nacho ni cha nchi nzima. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, unatakiwa uwe na principo mbili (ufaulu wa daraja A hadi E) zenye jumla isiyopungua pointi 4.0 katika masomo yanayohusika na programu, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao, kwa sababu madaraja ya miaka hiyo yalikuwa tofauti. Wasitumie hesabu ya wadogo zao. Wenye diploma wanatakiwa GPA ya 3.0 au wastani wa B, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne.

Kigezo cha pili ni cha programu yenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoanguka. Pointi 4.0 zinakuruhusu kuomba, hazikupi nafasi. Programu yenye nafasi 100 ikipata waombaji 900, mfumo unapanga kwa ufaulu kutoka juu mpaka nafasi ziishe. Soma mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, mstari wa programu yako, hadi mwisho wa mstari. Mara nyingi kuna sharti limejificha mle: ufaulu wa hesabu wa kidato cha nne kwa asiyesoma hesabu kidato cha sita, au somo fulani lisipungue daraja fulani.

Panga chaguo zako kwa ngazi. Ya kwanza iwe ile unayoitaka hata kama ina ushindani. Ya kati iwe unayoistahili kwa ufaulu wako. Ya mwisho iwe ile ambayo hata mambo yakienda kombo utaipata, na uko tayari kuisoma miaka mitatu bila kununa. Ukijaza programu tano zote za ushindani mkali, umejaza programu moja mara tano.

Hatua ya 3: Maombi, na mtego wa steshenari

Siku hizi maombi yanatumwa moja kwa moja chuoni kupitia mfumo wa udahili wa mtandaoni. Dirisha la kwanza kwa kawaida hufunguliwa Julai, kisha hufuata la pili na wakati mwingine la tatu kwa programu zenye nafasi zilizobaki.

Vijana wengi hujaza maombi kwenye steshenari. Si vibaya, ila kaa kwenye kiti wewe mwenyewe. Kijana wa steshenari ana foleni ya watu ishirini. Ili asichelewe anaweka barua pepe yake na namba yake ya simu, na nywila moja kwa wateja wake wote. Siku ya kuthibitisha udahili, ujumbe wenye namba ya uthibitisho unaingia kwenye simu yake, na yeye kaenda msibani Singida. Kabla hujalipa, hakikisha barua pepe ni yako, namba ya simu ni yako na imesajiliwa kwa jina lako, na nywila umeiandika kwenye daftari. Namba hiyo usiitupe mpaka umalize mwaka wa kwanza.

Jambo la pili ni namba ya mtihani ya kidato cha nne. Aliyefanya mtihani zaidi ya mara moja ana namba mbili au tatu. Chagua moja ya kuombea, na hiyohiyo uitumie kwenye mkopo. Ukiomba chuo kwa namba ya 2019 na mkopo kwa namba ya 2021, kwenye mifumo wewe ni watu wawili: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana mkopo hana chuo.

Jambo la tatu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Juma Hamisi Ally, cha kidato cha nne kinasema Juma H. Ali. Herufi moja inatosha kukuweka kwenye foleni wiki nzima. Tofauti ndogo humalizwa kwa hati ya kiapo ya wakili au mahakama. Tofauti kubwa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Fanya kazi hiyo Juni wakati hakuna mtu, usisubiri Oktoba.

Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa kwa kutumia namba ya uthibitisho utakayotumiwa. Usipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine, na hakuna wa kumlilia. Aliyechaguliwa chuo kimoja tu aingie hata hivyo kwenye akaunti yake asome ujumbe wake, asidhani ukimya maana yake ni mambo safi.

Hatua ya 4: Mkopo usisubiri udahili

Bodi ya Mikopo, HESLB, ina dirisha lake na kalenda yake. Usisubiri kuchaguliwa ndipo uombe. Wakati huo dirisha linaweza kuwa limefungwa.

Kinachochelewesha watu ni uhakiki. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kwa wa Bara, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa wa Visiwani, na majibu hayaji siku hiyohiyo. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa vilevile. Familia nyingi hazina cheti cha kifo kabisa, kwa hiyo kazi inaanzia kwa mtendaji wa kata au kijiji. Anza na hili kabla ya yote. Mdhamini naye awe mtu anayepokea simu, mwenye kitambulisho, na anayejua kwamba anakudhamini. Fomu inasainiwa na serikali ya mtaa na kamishna wa viapo. Ukurasa usio na muhuri unarudishwa.

Mkopo una mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Unaweza kupewa chakula na malazi asilimia mia na ada asilimia thelathini. Kwa hiyo ukiona jina lako kwenye orodha, usishangilie mpaka ufungue mchanganuo. Ada ya programu nyingi za shahada ya kwanza iko kati ya takriban milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Pengo kati ya hiyo na ulichopewa ndilo la kuzungumza na wazazi mapema, tena kwa tarakimu. Na ni deni: ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi.

Fedha ya kujikimu, yaani bumu, haiingii hivihivi. Lazima usaini kila awamu ndani ya siku zilizotangazwa. Asiyesaini, fedha yake inarudi Bodi. Bumu la kwanza kwa fresha, yaani mwanafunzi mpya, huwa linachelewa kidogo, mpaka usajili ukamilike, kwa hiyo usije chuoni na nauli tu. Njoo na fedha ya kula ya angalau mwezi.

Hatua ya 5: Kuripoti na kujisajili

Mabasi ya mikoani yanaishia Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli. Kuna pia hosteli za Magufuli, ambazo ziko Mlimani. Kila mwaka kuna mzazi anayemwambia bodaboda "nipeleke Magufuli" akazungushwa palepale alipo. Sema "Mlimani, chuo kikuu". Kwa daladala, fika Ubungo, kisha panda yoyote inayopita ndani ya chuo, au shuka Savei kwenye barabara ya Sam Nujoma. Anayekwenda DUCE asishuke Ubungo kabisa, aulizie Chang'ombe. Wa MUCE, basi litakushusha stendi ya Igumbilo, nje kidogo ya mji wa Iringa.

Usajili una sehemu mbili ambazo watu wanazichanganya. Kuna usajili wa chuo: unalipa, unahakikiwa vyeti, unapewa namba ya usajili na kitambulisho. Na kuna usajili wa kozi kwenye ARIS, mfumo wa taarifa za wanafunzi, unaofanyika kila muhula. Mtu anaweza kuhudhuria vipindi muhula mzima, akafanya majaribio yote, halafu jina lake lisiwepo kwenye orodha ya mtihani kwa sababu hakusajili kozi hiyo. Ukimaliza kusajili, pakua ukurasa, uhifadhi.

Malipo yote yanapita kwenye namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Unaitoa mwenyewe kwenye akaunti yako. Mtu akikupa namba ya simu ya kutumia ada, hata awe amevaa kitambulisho, muage kwa heshima uondoke. Ada inaweza kulipwa kwa awamu mbili, moja kila muhula.

Folda yako ya siku ya kwanza iwe na vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita au hati za matokeo, cheti cha kuzaliwa, barua ya udahili, fomu ya afya iliyojazwa na daktari wa hospitali inayotambulika, picha za pasipoti, namba ya NIDA, na nakala za kila kitu. Bima ya afya ni lazima. Kama huna ya mzazi, utalipia ya mwanafunzi. Vyeti halisi usimwachie mtu. Vikishaonekana, vinarudi mkononi mwako palepale.

Na ofisini ingia na "shikamoo". Afisa udahili amehudumia watu mia tangu asubuhi. Anayeanza na salamu, akasema shida yake kwa sentensi mbili na folda imepangwa, hutoka mapema. Wahadhiri waite Dokta au Profesa kwa cheo chao, na usiyemjua cheo mwite Mwalimu, hutakosea.

Hatua ya 6: Malazi

Vitanda havitoshi, na havijawahi kutosha. Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa 2017, zina nafasi 3,840 kwenye majengo 20. Kuna mabweni ya zamani Mlimani na hosteli ya Mabibo. Wanafunzi ni makumi ya maelfu. Omba chumba mara dirisha la malazi linapofunguka, ulipie ndani ya muda uliopewa. Nafasi isiyolipiwa inagawiwa mtu mwingine.

Ukikosa, watu wanabebana: mwenye kitanda anamkaribisha rafiki, wanalala mzungu wa nne. Ni kinyume cha taratibu, na ukaguzi ukija anayetolewa ni wote wawili. Nakushauri upange nje. Msewe na Changanyikeni unatembea kwa miguu hadi darasani. Sinza na Mwenge kuna daladala za kila dakika lakini bei iko juu. Makongo ni tulivu, usiku usafiri ni shida. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa ajili yake. Tafuteni wawili au watatu mkodi pamoja. Chumba kitazame jioni, si mchana: uone taa za njiani, usikie baa ya jirani, uulize maji yanatoka siku gani. Wa ndaki ya TEHAMA watafute Kijitonyama na Makumbusho moja kwa moja.

Hatua ya 7: Muhula wa kwanza

Tathmini ya kozi nyingi ni 40 kwa 60: majaribio, kazi na semina ni 40, mtihani wa mwisho, UE, ni 60. Daraja A linaanzia 70, B+ 60, B 50, C 40. Chini ya 40 ni sapu, yaani mtihani wa marudio. Kwenye hesabu ya GPA, yaani wastani wa pointi zako, A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Ukiyatazama mahesabu haya utaona kwamba mtu aliyebeba 30 kati ya 40 anahitaji 40 tu kati ya 60 apate A. Muhula unashindiwa kwenye majaribio, sio kwenye UE. Fresha wengi hugundua haya baada ya jaribio la pili.

Kozi zina uzito tofauti. Kozi ya krediti 12 ikiharibika inavuta GPA zaidi ya ile ya krediti 8. Angalia krediti kabla ya kugawa muda wako. Na usizidharau kozi za lazima kwa wote, kama zile za mitazamo ya maendeleo zinazoanza na herufi DS. Darasa linakuwa kubwa mno, watu wanasimama madirishani, wanakata tamaa, wanategemea madesa, yaani nukuu za kurithi, ya mwaka juzi. Madesa yanasaidia kujua mhadhiri anapenda kuuliza nini. Hayasaidii akiwa amebadilishwa mhadhiri.

Pa kusomea, usianze na chumbani. Maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 inaingiza watu 2,100 kwa wakati mmoja, na bado wiki ya UE saa moja asubuhi viti vinakuwa vimejaa. Ndiyo maana kuna vimbweta, zile meza za zege chini ya miti. Kimbweta kizuri kina kivuli mchana na taa usiku, na kina wenyewe: kundi la watu wanne au watano wanaokutana hapohapo kila siku, kila mmoja akifundisha mada moja. Tafuta kundi la namna hiyo wiki ya pili au ya tatu, kabla halijafunga. Mkiwa kumi mtapiga soga.

Matokeo yakitoka, yasome kwenye akaunti yako mwenyewe, si kwa kutumiwa picha na rafiki. Kuendelea na mwaka unaofuata kunataka GPA isiyopungua 2.0 kwa mwaka. Ukikamatwa na sapu, tarehe zake huwa kwenye almanaka ya chuo tangu mwanzo wa mwaka, kabla ya muhula mpya kufunguliwa. Kata tiketi ya kurudi mapema, maana aliyelala nyumbani hadi sapu ikapita anahesabiwa kashindwa. Alama ikikosekana kabisa, nenda kwa mratibu wa kozi na karatasi zako za majaribio zilizosahihishwa. Karatasi hizo usizitupe mpaka matokeo yathibitishwe.

Kama kuna ugonjwa, uzazi au msiba mzito unaokuzuia kufanya mtihani, kuna utaratibu wa kuahirisha, mtihani au mwaka mzima. Unaandika barua kupitia idara yako, unaambatisha cheti cha daktari au ushahidi mwingine, unasubiri kibali cha maandishi, na unaiarifu Bodi ya Mikopo ili bumu lisimamishwe vizuri na lirudi ukirudi. Barua hiyo hupokelewa kabla ya mtihani. Ukishaingia chumba cha mtihani ukasaini karatasi ya mahudhurio, matokeo yatakayotoka ni yako.